Jembe Hula Nguvu, Mazoezi Huziweka

Nikifika Dumila na kuanza kuzungumzia mazoezi, jibu huja kabla sijamaliza salamu: "Mtaalamu, sisi mazoezi yetu ni jembe." Wa mwisho kunijibu hivyo alikuwa mzee wa miaka 60, mkulima wa mahindi na vitunguu, tumekaa naye kwenye benchi la mgahawa wa chai kando ya barabara kuu. Viganja vyake ni vigumu kama gome la mti, mabega yamejaa. Chai ilipokwisha akataka kuondoka. Aliweka mikono yote miwili magotini, akasukuma, akafika nusu, akatulia hapo akishusha pumzi, kisha mkono wa kulia ukatafuta ukingo wa meza ndipo akanyooka. Mtu aliyelima tangu alfajiri alihitaji mikono na miguu yote ili aondoke kwenye benchi.

Msimamo wangu ni huu: kazi ngumu si mazoezi. Kazi hutoa kwenye akiba ya nguvu uliyonayo, mazoezi huweka. Anayetoa kila siku ndiye mwenye haja kubwa ya kuweka, kwa hiyo mkulima, kuli na mama muuza nyanya wanayahitaji mazoezi ya nguvu sawa na karani wa mjini, pengine kumzidi. Na mazoezi ninayoyasemea hayadai jimu wala vyuma. Yanachukua mienendo ya maisha yenyewe, yaani kuinuka, kuchuchumaa, kuokota, kubeba, kusukuma, kuvuta na kupanda, na kuirudia kwa kipimo, kwa mpangilio na kwa mapumziko, hadi mwili uwe na nguvu inayozidi ile inayodaiwa na siku ya kawaida. Ziada hiyo ndiyo afya ninayoizungumzia. Mtu ambaye kila ndoo anayoibeba inamfikisha kwenye ukomo wake, siku moja ndoo itamshinda.

Dumila ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Kilosa, zaidi ya kilomita 60 kutoka Morogoro mjini kwa barabara ya Dodoma, penye njia panda ya kwenda Kilosa, jirani na Magole inakoanzia barabara ya Turiani. Ukisimama hapo asubuhi moja unaona miili ya kila aina. Wapo waliorudi shambani na jembe begani. Wapo makuli wanaopakia magunia kwenye lori la Fuso. Wapo vijana wa bodaboda wanaokaa juu ya pikipiki kutwa nzima, wenye maduka wanaoamka kitini kumhudumia mteja na kurudi, mama lishe anayeinamia jiko la chini tangu saa kumi na moja alfajiri, na akina mama wa nyanya wanaokimbilia dirisha la basi na beseni mkononi. Mmoja anatumia mwili kupita kiasi, mwingine hautumii kabisa. Wote wakija kwangu wanataja viungo vilevile: kiuno, goti, bega. Kwa miaka mingi niliyafikiri hayo kuwa matatizo mawili tofauti. Leo naamini ni moja, nalo ni kukosa kipimo.

Msuli hujengwa ukiwa umepumzika

Watu wengi hudhani msuli huongezeka nguvu wakati unapofanya kazi. Wakati huo unachoka tu. Nguvu huongezeka baadaye, katika saa na siku za mapumziko, pale mwili unapojitengeneza upya kwa kuwa umedaiwa kidogo zaidi ya ulivyozoea. Hapo kuna masharti matatu. Mzigo uzidi mazoea, lakini kidogo. Urudiwe mara chache, si mara elfu. Kisha ifuate siku moja au mbili za kuupa msuli huo nafasi, pamoja na usingizi na chakula cha kujengea kama maharage, kunde, mbaazi, dagaa au mayai. Masharti hayo yakitimia, mwili huweka akiba. Moja likikosekana, mwili huvumilia tu, na kuvumilia si kuwa na nguvu.

Sasa lipime jembe kwa masharti hayo. Uzito wake mwaka huu ni uleule wa mwaka jana, kwa hiyo mwili ukishalizoea hauna sababu ya kujenga zaidi. Linainuliwa na kushushwa mara maelfu kwa siku, upande uleule, mgongo ukiwa umeinama vilevile. Na msimu ukifika hakuna siku ya kupumzika, maana mvua haimngoji mtu. Balaa zaidi ni namna msimu unavyoingia: mwili uliopoa kiangazi chote unaitwa shambani ghafla kwa saa nane kwa siku. Hakuna mwalimu wa mpira anayeweza kumtoa mchezaji likizo na kumchezesha dakika 90 siku ya kwanza, tena kila siku kwa mwezi mzima. Mkulima hufanyiwa hivyo na mvua kila mwaka, nasi tunamwambia ana mazoezi ya kutosha.

Wanasayansi wamelitazama jambo hili nje ya Afrika pia. Nchini Denmark, Andreas Holtermann na wenzake wamelieleza kama kitendawili cha kazi za mwili: kutumia mwili wakati wa mapumziko kunalinda moyo, ilhali kuutumia kwa kazi nzito ya ajira hakuleti faida hiyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti zenye watu zaidi ya 190,000, ulikuta kwamba wanaume wenye kazi nzito za mwili walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wenye kazi nyepesi. Kwa wanawake hatari hiyo haikuonekana. Wapo wanaobisha, na hoja yao ina uzito: wafanyao kazi nzito ndio mara nyingi wenye kipato kidogo na matibabu hafifu, na si rahisi kuutenganisha umaskini na mzigo. Hata hivyo maelezo ya kimwili yanaingia akilini. Kazi ya kutwa huacha mapigo ya moyo juu kwa saa nyingi, kunyanyua mzigo mzito hupandisha shinikizo la damu, na mfanyakazi hana ruhusa ya kusimama anapochoka. Anayefanya mazoezi hupanga mwenyewe aanze lini, abebe nini na aishie wapi. Kuli hupangiwa na gari linalosubiri.

Upande wa pili wa habari ni wa matumaini. Mwili ukipewa kipimo sahihi, huitika haraka na katika umri wowote. Mwaka 1945 daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alieleza jinsi alivyowarudishia nguvu askari majeruhi kwa kuwapa uzito mkubwa, marudio machache, na kuuongeza hatua kwa hatua, wakati desturi ya hospitali ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi yasiyo na mwisho. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake waliwachukua wazee 10 dhaifu wa miaka 90 hivi waliokuwa wakitunzwa katika makao ya wazee huko Boston, wakawafanyisha mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Waliomaliza walikuwa 9, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Msuli wenyewe ulinenepa kidogo tu, asilimia 9. Nguvu nyingine ilitoka wapi? Kwenye mishipa ya fahamu. Katika wiki za mwanzo ubongo hujifunza kuziita nyuzi za msuli zilizokuwa zimelala na kuzifanya zivute kwa pamoja. Ndiyo maana mtu huanza kuinuka vizuri kabla hajaona badiliko lolote kwenye kioo, na ndiyo maana zoezi linapaswa kufanana na jambo unalotaka kuliweza. Ukitaka kuinuka kwenye kigoda, zoezi lako ni kuinuka kwenye kigoda.

Gunia, jembe na ndoo

Nitazame mizigo mitatu ya Dumila kwa karibu, maana hapa ndipo maneno ya jumla yanapokwisha.

Wa kwanza ni gunia. Siku moja nilisimama karibu na Fuso lililokuwa likipakiwa mahindi. Vijana wawili wananyanyua gunia, wa tatu anaingia chini yake, wanamtwika kati ya shingo na mabega. Anavuta pumzi na kuibana. Anapanda ubao uliolazwa kutoka ardhini hadi kwenye bodi. Hatua ya kwanza sawa, ya pili sawa, kwenye ya tatu goti la kushoto linaingia ndani kama mlango uliolegea bawaba, halafu linarudi. Anamwaga gunia, anashuka mbio, anaingia chini ya lingine. Nilihesabu magunia 14 kabla hajanywa maji. Hajafika miaka 30, na lile goti limeshaanza kutoa taarifa.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 127 kuhusu uzito wa juu wa mzigo anaobeba mfanyakazi, na Pendekezo Na. 128 lililoambatana nao likataja kilo 55 kuwa ukomo kwa mwanamume mzima. Sheria yetu ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na lumbesa, lile gunia lenye kilemba, hulipita hata hilo. Tumeijadili lumbesa kwa miaka kama wizi kwa mkulima, na kweli ni wizi. Hatujaijadili vya kutosha kama jeraha kwa kuli. Hata gunia halali la kilo 100 linakaribia mara mbili ya mzigo uliopendekezwa, na hakuna zoezi duniani litakaloufanya uti wa mgongo uupokee mzigo huo mara 40 kwa siku bila kulipa. Nasema hivi wazi ili mtu asije akayatumia maneno yangu kumwambia kuli kwamba kosa ni lake kwa kuwa hafanyi mazoezi. Mazoezi yatamjenga, kupunguza gunia ndiko kutakakomwokoa.

Wa pili ni jembe, na hapa nina ushauri usiogharimu chochote. Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini, diski, ambavyo usiku tukilala hufyonza maji na kuvimba. Ndiyo maana asubuhi mtu huwa mrefu kwa sentimita moja au mbili kuliko jioni. Katika saa ya kwanza baada ya kuamka visahani hivyo bado vimejaa, na kuinama huvitia mkazo mkubwa kuliko saa nyingine yoyote. Mwaka 1998 mtafiti wa Marekani Stuart Snook alionyesha kwamba watu wenye maumivu sugu ya kiuno waliofundishwa kuepuka kuinama asubuhi na mapema walipata nafuu. Mkulima wetu hufanya kinyume: anatoka kitandani, anatembea kidogo, anainamia jembe la mpini mfupi. Simwambii achelewe shamba. Namwambia kazi za kusimama zitangulie, kama kutembea, kukagua, kuswaga mifugo au kubeba mzigo mwepesi, na kulima kufuate saa moja baadaye. Na mpini uwe mrefu. Jembe la mpini unaofika kifuani linapunguza kuinama kwa kiasi ambacho mgongo wenyewe utakushukuru ndani ya wiki.

Wa tatu ni ndoo ya kichwani, na hii naitetea kwa masharti. Mwaka 1986 Profesa Geoffrey Maloiy wa Kenya na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikikuyu wanaobeba kwa mkanda wa kipaji cha uso. Walikuta kwamba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili waliubeba bila kutumia nishati ya ziada. Watafiti waliofuata walieleza sababu: mwendo wao waliouzoea ulikuwa unajirudishia nguvu kila hatua. Mzigo ukizidi hapo, gharama ilianza kupanda. Tafiti za baadaye za Afrika Kusini zilionyesha kwamba si kila mwanamke ana uwezo huo, na maumivu ya shingo yalikuwa mengi. Mama mwenye kilo 60 hupata basi kilo 12 kama mzigo wake mwepesi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji tupu, yaani theluthi moja ya uzito wake. Hesabu hiyo imenifundisha kumwambia mama asijaze ndoo hadi ukingoni, abebe safari mbili za nusu akiweza, na awe na shingo na mgongo wa juu uliozoeshwa. Hoja ya kwamba bibi zetu walibeba na hawakuumwa haina ushahidi. Waliumwa, hakuna aliyewauliza.

Wanayoniambia, na ninavyowajibu

Wanasema mzee apumzike. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linatoka kwenye upendo. Mtoto akipata uwezo anamnunulia mama yake kochi, anampa msichana wa kazi, anamwambia, "Mama, wewe kaa tu." Miezi sita baadaye mama haendi chooni bila kushikwa. Kukaa ndiko kulikomaliza miguu yake. Nguvu za mwili huanza kupungua polepole tangu miaka ya 40, na zinazotangulia kwenda ni zile za haraka, zinazomwezesha mtu kurudisha mguu anapojikwaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na mizani angalau siku tatu kwa wiki, mara nyingi kuliko siku mbili wanazopewa watu wazima walio chini ya umri huo. Mzee anastahili heshima, shikamoo na kiti. Anastahili pia kuachwa ainuke kwenye kiti hicho mwenyewe.

Wanasema mazoezi ni kukimbia. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa mazoezi. Lilikuwa jambo jema, na sababu zilikuwepo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta robo hivi wana shinikizo la juu la damu, robo wamezidi uzito, na asilimia 9 wana kisukari. Lakini kila ninapoona Jumamosi hiyo, naona fulana na mbio fupi za barabarani. Mbio zinafaa moyo. Hazimfundishi mtu kuokota gunia, na siku moja kwa mwezi haijengi msuli wowote. Wala tusisahau kwamba msuli ndio ghala kubwa la sukari mwilini. Mtu akiujenga na kuutumia, sukari ya damu hupata pa kwenda. Mwenye kisukari anahitaji mapaja yenye nguvu kama anavyohitaji mlo wake.

Wanasema mwanamke akinyanyua vitu atakuwa na mwili wa kiume. Mama huyohuyo amembeba mtoto mgongoni, kuni kichwani na ndoo mkononi tangu akiwa msichana, na hakuna aliyemwambia anakuwa mwanamume. Wingi wa homoni za kiume ndio unaotunisha misuli kwa ukubwa ule wanaouogopa, naye hana wingi huo. Atakachopata ni mifupa imara zaidi, jambo kubwa baada ya kukoma hedhi.

Na wanasema mgongo ukiuma, lala. Maumivu ya kiuno ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu waishi na ulemavu; mwaka 2020 yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619. Kwa wengi wao kulala siku nyingi huongeza tatizo. Msuli unaoulinda mgongo unalegea, hofu ya kuinama inakua, na mtu anarudi shambani akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka. Siku moja au mbili za kupunguza kazi zinatosha, kisha mwendo mdogo unaoongezeka. Ila kuna dalili zisizongoja: ganzi kati ya mapaja, mkojo usiozuilika au usiotoka, mguu unaokosa nguvu, homa pamoja na maumivu, au maumivu baada ya ajali au kuanguka. Hapo nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kipimo cha nyumbani

Anza kwa kujipima. Weka kiti kisicho na mikono ukutani, kaa, kunja mikono kifuani, inuka na kukaa kwa sekunde 30 huku mtu akihesabu. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 ni dalili ya udhaifu. Kwa mwanamume wa umri huo, chini ya 14. Kijana akishindwa kufika hapo ajue ana kazi ya kufanya.

Kisha chagua siku mbili kwa wiki, zisizofuatana, dakika 20 hadi 30, ikiwezekana mbali na kazi nzito. Mienendo ni sita. Kuinuka kwenye kigoda au benchi bila mikono, mara 8. Ukiona rahisi, kumbatia kidumu cha lita 5. Kuinama kwa nyonga, makalio yakienda nyuma na mgongo ukiwa umenyooka, kuokota ndoo yenye maji robo na kusimama nayo, mara 8. Kubeba: dumu la maji mkono mmoja tu, hatua 30, kisha mkono wa pili, mwili ukikataa kupinda upande. Hili ndilo zoezi bora la kiuno ninalolijua, na kila nyumba ina dumu. Kusukuma: pushapu za ukutani, baadaye za kwenye benchi, baadaye za chini. Kuvuta: kanga iliyosokotwa na kufungwa imara kwenye nguzo au mti, unaegemea nyuma na kujivuta. Kupanda: ngazi moja ya baraza, mguu mmoja kwa wakati, mara 8 kila upande, karibu na ukuta kwa usalama. Fanya mzunguko mara moja wiki mbili za kwanza, mara mbili zinazofuata, kisha mara tatu. Ongeza maji kwenye ndoo kikombe kwa kikombe. Umalize kila mwendo ukiona ungeweza kurudia mara mbili au tatu zaidi. Huo ndio mpaka.

Usibane pumzi. Hesabu kwa sauti unaponyanyua, maana anayehesabu lazima apumue, na anayepumua hapandishi shinikizo la damu ovyo. Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo lisilotulia au ujauzito wenye matatizo aonane kwanza na mhudumu wake wa afya. Uchungu wa msuli kesho yake ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo si kawaida, punguza.

Na tusiache kuchuchumaa. Wahadza wa bonde la Ziwa Eyasi walipopimwa na watafiti, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2020, walionekana kupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini Ulaya na Marekani. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo huyafanya wakiwa wamechuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu haizimiki kabisa kama ilivyo kwenye kiti. Tulikuwa na utajiri huo wote: mkeka, jamvi, kigoda. Tumeuuza kwa kochi. Kijana wa bodaboda anayesubiri abiria anaweza kuchuchumaa dakika mbili kila saa pale kijiweni, bila kulipa hata senti.

Mengine hayawezi kuachiwa mtu mmoja. Ukaguzi wa lumbesa uhesabu pia mgongo wa anayebeba, na wafanyabiashara waanze na viroba vya kilo 50, ambavyo viwanda vya sukari na saruji vimevizoea miaka mingi. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vitenge dakika 15 kabla ya kuhesabu fedha. Watu wamekwisha kusanyika, viti vipo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kile kipimo cha kiti, kwa kuwa kinahitaji saa ya simu tu. Na shule zirudishe kamba, rede na kupanda miti kwenye ratiba, maana mtoto anayejifunza kuruka na kutua vizuri anaziandaa nyonga zake za miaka 60.

Kwa nini nalisisitiza hivi? Januari 2014 Mto Mkundi ulifurika na kuikata barabara kuu hapahapa Dumila, maji yakaingia kwenye nyumba za watu hadi Magole. Siku kama ile haimuulizi mtu ana maisha mazuri kiasi gani. Inamuuliza kama anaweza kujivuta juu, kumbeba mtoto, kumshika bibi mkono katika maji ya magotini bila kuanguka. Nguvu ya ziada huwekwa kabla, kwa siku mbili za wiki za kawaida.

Yule mzee wa benchi nilimpa zoezi moja tu, kwa sababu zaidi ya hapo asingelifanya: kila mara kabla ya chai, ainuke mara 5 bila mikono, akitumia kwanza meza kubwa ya mgahawa kama kiti cha juu zaidi. Alicheka, akakubali kwa heshima zaidi kuliko kwa imani. Niliporudi baada ya miezi miwili alikuwa palepale. Tulisalimiana, tukaongea habari za bei ya vitunguu. Kisha akamwona mtu wa kwao akipita barabarani, akainuka kumwita. Kikombe cha chai kilikuwa bado katika mikono yake yote miwili, na hakikumwagika.